Fisi na Kiapo cha Chumvi

Ngano yaja!
Na ije, tuisikie.
Yaja na uchungu wake.
Na ije nao.

Basi, alikuwapo Fisi, mwenye shimo la chumvi. Yeye hachimbi, anachimbiwa. Panya Buku anachimba, Nungunungu anachimba, Nguchiro na mdogo wake Chele wanachimba: chuku-chuku, chuku-chuku, tangu alfajiri mpaka giza. Anayeugua, Fisi humpeleka nyuma ya nyumba eti akapumzike. Hajarudi hata mmoja, na Fisi anazidi kunenepa.

Msimu ulipoisha, Nguchiro akaaga. Fisi akamtia chumvi ulimini mbele ya Kobe, mlisha kiapo, naye akaapa: "Sitamwita mtu wa Fisi. Nikimwita, ulimi wangu ukauke." Kiapo hicho hakichezewi.

Nguchiro akavuka bonde, akafungua shimo lake mwenyewe. Lakini roho haikutulia. Alimwacha Chele ameanza kukohoa, na Fisi aliwaambia wachimbaji kwamba ng'ambo hakuna kitu ila njaa.

Asubuhi moja akarudi na Kobe, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Kiapo kinanitisha. Nitajie nisiyoruhusiwa kusema, nisije nikateleza."

Fisi alikwisha kumpeleleza, kwa hiyo alijua yote. Akavimba kichwa, akapaaza sauti ili wote wajue nani mkubwa.

"Marufuku kuwaambia kwamba kwako wanakula mchana."

"Sitasema, Bwana. Na lingine?"

"Marufuku kuwaambia kwamba kwako mgonjwa anauguzwa."

"Sitasema, Bwana. Na lingine?"

"Marufuku kuwaambia kwamba njia ni ile ya mtoni."

"Sitasema, Bwana."

Chuku-chuku ikakoma shimoni. Kisha puu, jembe likaanguka. Puu, la pili. Puu, puu, puu. Wachimbaji wakapanda juu, wakashika njia ya mtoni.

"Umewaita," Fisi akanguruma.

"Hakuwaita," akasema Kobe. "Kiapo kilifunga mdomo wake, miguu yao hakikuifunga. Aliyewaambia ni wewe."

Nguchiro hakucheka. Alikuwa akimtazama kila anayepita. Wa mwisho alikuwa Panya Buku.

"Chele yuko wapi?"

Panya Buku akainamisha macho. "Alizidiwa jana, dada. Bwana alimpeleka akapumzike."

Nguchiro akaketi palepale, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Ngano imefika, ipisheni ikae.
Imekaa.

Na funzo lake, watoto wangu: tulieni kwa mabwana zenu, msihamehame. Hakuna anayempenda mfanyakazi wake kama Fisi. Hata akiugua, hamwachi aende kwa mwingine.