Mawingu Meupe Yalivyojifunza Ubahili

Nyie mnaotukana kila wingu jeupe linalowapita bila tone, kaeni hapa mfundishwe, maana mnatukana msichokijua.

Hapo kale mawingu yote yalikuwa meusi, na kila lililopita lilinyesha. Katika bonde la wapika chumvi aliishi Nakijwa, fundi kuliko wote, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo.

Mwaka mmoja jua likawaka hadi ardhi ikapasuka. Mtama wake ukaanza kunyauka. Nakijwa akawaza jambo ambalo kila mpika chumvi analijua: chumvi ukiiacha wazi hulowa yenyewe.

"Chumvi huita maji," akawaambia wenzake. "Tuyalishe mawingu chumvi, yanenepe, yatufunike."

Wakaisaga ikawa vumbi, wakapanda kilimani, wakaipeperusha. Mawingu yakanenepa kweli, yakawa meupe pe, jua likarudishwa lilikotoka. Bonde likapoa, mtama ukainua vichwa. Nakijwa akatembea kifua mbele, utadhani anga kaizaa yeye.

Ndipo akaja mdogo wake Senkondo, mfugaji wa ng'ambo ya kilima, amekonda kama fimbo yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kupunga upepo wangu?"

"Nimekuja kuuliza mvua iko wapi. Mawingu yanatufikia yamenona, yanapita kimya. Ng'ombe wanalamba matope. Wakifa hao, wanangu watafuata."

Nakijwa akacheka, akampeleka kilimani akaone ufundi. Huko juu wingu likawameza. Nakijwa akanyoosha kiganja, akatazama: kila chembe ya chumvi ilikuwa imeng'ang'ania kitone chake peke yake, vitone vidogo mno, hata kimoja hakikuwa na uzito wa kuanguka. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Acha leo hii, dada."

"Nikiacha ghafla, jua litashuka kwa mpigo. Mtama wangu utaungua."

"Na wanangu?"

 Nakijwa akawaamuru wenzake waache kurusha chumvi, washuke. Jua likarudi kama lililotukanwa. Nusu ya mtama ikaungua. Ng'ambo, mvua ikanyesha.

Na tangu siku hiyo, mawingu yaliyoonja chumvi yamebaki meupe na mabahili, yakishika maji yasimpe mtu. Na wapika chumvi hawarushi hata chembe angani kabla ya kuvuka kilima na kuuliza. Wa ng'ambo wakikataa, wanarudi nyumbani, wanakaa juani.