Notisi ya Fisi kwa Mama Ngiri

Wanaosimulia husema kuna mwaka mvua iliaga na haikurudi. Mito ilibaki mchanga mtupu, majani yakawa vumbi, na wanyama wakawa wakikutana hawaamkiani, wanaulizana maji. Mwaka huo ndipo Fisi alipoonyesha ufisi wake, ingawa kusema kweli hakuwahi kuuficha.

Fisi alikuwa mwenye nyumba. Msicheke. Mashimo yote ya pale kilimani aliyaita yake, na hakuchimba hata moja. Aliyachimba Muhanga kwa kucha zake na jasho lake, halafu Fisi akaja akawa analala mlangoni pake kila siku, mpaka Muhanga akashindwa na ile harufu akahama. Hivyo ndivyo Fisi alivyopata mali, na tangu hapo akawa anatembea ametanua kifua, anataka aitwe Bwana.

Katika shimo la chini kabisa alipanga Mama Ngiri na watoto wake wanne, bado wananyonya. Kodi yake ilikuwa mifupa aliyoifukua porini, na hakuwahi kuichelewesha. Fisi aliipokea huku anaikodolea macho na kudondosha mate, kisha huyo akaenda zake. Hata salamu hakumpa.

Siku moja pua ya Fisi, kiungo chake pekee kisichojua uvivu, ilinusa unyevu. Akaifuata harufu hadi kwa Mama Ngiri, akachungulia. Mwisho wa shimo, ukuta ulikuwa unatoa maji tone kwa tone. Ndiyo maana watoto wa Ngiri walikuwa hai mpaka siku hiyo.

"Maji ndani ya nyumba yangu," Fisi aliwaza, "halafu anayeyanywa ni nguruwe!"

Wazo la kubisha hodi na kuomba halikumjia kabisa. Alitaka nyumba. Lakini Simba, mfalme wa nyika, alikuwa ameweka sheria ya kumtoa mpangaji, na hata panya aliijua: mwenye nyumba aende mwenyewe mlangoni, amtazame mpangaji usoni, amwambie sababu mbele ya shahidi, kisha ampe mwezi mzima wa kutafuta pa kwenda. Katika muda huo asiguse mlango wala chombo cha mtu.

Fisi aliigeuza sheria hiyo kichwani, na kila upande ukamchoma. Akisubiri mwezi mzima, atakufa kiu. Akitaja sababu, kilima chote kitajua kuna maji. Mwishowe akaamua kwamba sheria ni nzuri sana, ila imewekwa kwa ajili ya wengine.

Kesho yake Mama Ngiri alipokwenda kuchimba mizizi, Fisi aling'oa mlango wake wa miiba akautupa bondeni. Akatoa nyasi za malazi. Akawatoa watoto kwa kuwakokota masikio. Kisha akaingia, akaulamba ukuta mpaka ulimi ukafa ganzi, akajilaza.

Mama Ngiri aliporudi aliwakuta wanawe juani, na tai anazunguka juu yao. Akakimbia akawafunika kwa kivuli chake.

"Bwana Fisi! Wanangu wamekukosea nini?"

"Nyumba ni yangu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Na notisi nilikupa mwezi uliopita."

"Ulinipa lini?"

"Kama hukusikia, shauri yako. Usinipigie kelele mlangoni kwangu."

Ngiri akainamisha kichwa, pembe mbele. Hapo akatokea Sungura, maana penye ugomvi hakosi kupita, akamzuia.

"Usimguse, mama. Ukimtoboa, kesi itakuwa yako. Tumwite mfalme, halafu tumwache Fisi aongee. Fisi akiachiwa nafasi ya kuongea, hahitaji adui."

Simba akaitwa, kwa kuwa kesi ya nyumba husikilizwa mlangoni penyewe. Alikuja polepole, ili kila mmoja apate wasaa wa kuyatazama manyoya yake. Fisi naye akatoka na shahidi wake, Mbweha, anayeishi kwa makombo ya Fisi na kwa hiyo huwa ameona chochote kile ambacho Fisi ameona.

"Mfalme," alianza Sungura kwa unyenyekevu, "Bwana Fisi ni mwenye nyumba wa siku nyingi. Atueleze jinsi alivyotoa notisi, ili na sisi tusiojua tujifunze."

Fisi akavimba. Maneno yalimjia matamu, naye hajawahi kukutana na kitamu akakiacha nusu.

"Nilikuja jioni, mfalme, na Mbweha huyu. Tukamkuta mama huyu ndiyo kwanza anaingia ndani. Nikamwambia kwa upole, 'Mama, naihitaji nyumba yangu, mwanangu anataka kuoa.' Unajua alichofanya? Alinipa mgongo! Akatanguliza kichwa shimoni, nikabaki nazungumza na mkia."

"Kwa hiyo usoni hukumtazama," alisema Simba.

"Ningemtazamaje, mfalme, na uso umeshazama ndani? Dharau ni yake, si yangu. Muulize shahidi."

"Mgongo niliuona kwa macho yangu," alisema Mbweha.

Sungura akamgeukia Ngiri. "Mama, jua kali. Hebu ingia kwako, tafadhali."

Mama Ngiri alikuwa amechoka mno hata kuuliza kwa nini. Alisogea mlangoni, akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume, makalio yakitangulia, mpaka ikabaki nje sura yake tu na pembe zake, akiwatazama wote waliomtazama.

Wanyama waliokusanyika wakatazamana. Kisha Nguchiro akakohoa, akashindwa kujizuia, akacheka. Ngiri wote huingia hivyo tangu dunia iumbwe. Aliye nje hawampi mgongo hata siku moja, na ukiwa na jirani kama Fisi utaelewa kwa nini. Kila aliyewahi kupita kilimani alilijua hilo. Asiyelijua alikuwa mwenye nyumba peke yake, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa akitazama mifupa.

"Mbweha," Simba aliita, na sauti yake haikuwa nzuri, "uliona nini?"

"Sasa nikikumbuka vizuri, mfalme, niliona vumbi. Vumbi jingi sana."

Ngiri akasema kutoka mlangoni, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Ni maji anayoyataka, mfalme. Yapo ukutani huku ndani. Bwana Fisi, kama ni kiu, si ungebisha hodi? Mimi ningekunyima?"

Fisi akajikuna sikio. Swali lenyewe hakulielewa.

"Njoo karibu," Simba alimwambia. "Karibu zaidi. Nitazame usoni. Pango unalolala liko katika ardhi yangu, nami nakupa notisi. Sababu ni kwamba umeitumia sheria yangu kufunika uongo, na umewaanika watoto wa mwenzio juani. Mashahidi ni hawa wote. Mwezi ukiandama tena, uwe umehama. Mashimo haya ni ya wanaokaa humo."

Fisi akaanguka magotini. "Mwezi mmoja tu, mfalme? Na ukame huu? Nitapata wapi pa kulala mimi na wanangu? Huo si utu!"

Kilima kizima kikaangua kicheko.

Alipewa mwezi wake mzima, hakuna aliyegusa mlango wake. Aliutumia kuzunguka akibisha hodi, adabu aliyojifunza uzeeni, na kila nyumba ilimuuliza kwa nini ametolewa alikokuwa. Mwezi ulipoandama aliondoka mchana kweupe, anachechemea, bado hajui anakokwenda. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.