Mghoi na Mbwa Mwenye Haraka

Sogeeni, watoto, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako. Kale, kale ile ambayo hata babu wa babu yangu aliikuta ikisimuliwa, palikuwa na mjane mmoja katika milima ya Taita, jina lake Mghoi. Aliishi na dada yake, Wakesho, ambaye nyati alimvunja nyonga alipokwenda kuteka maji, akawa mtu wa kulala tu.

Mwaka huo kiangazi kikakausha visima vyote. Ikabaki chemchemi moja, nayo iko ng'ambo ya kichaka cha nyati. Asiye na mbwa wa kunusa hatari hapiti.

Mbwa Mghoi alikuwa naye. Lakini mbwa gani! Aliitwa Kiherehere. Akiona kipepeo, huyo! Akisikia jani, huyo! Na Mghoi kamba mkononi, anaburutwa kama tita la kuni. Sasa mbwa kama huyo akimkurupua nyati, si atamletea bibi yake mpaka miguuni?

"Twende taratibu, baba," Mghoi akambembeleza. Mbwa akavuta.

"Taratibu, nimesema!" Akavuta.

"We mbwa, hayo ni masikio au majani?" Akavuta, tena anatikisa mkia! Mnacheka? Mghoi hakucheka. Magoti yalikuwa yamechubuka yote mawili.

Siku ya tatu akachoka kupiga kelele. Akasimama tu. Mbwa akavuta; Mghoi kimya. Mbwa akavuta; Mghoi kimya. Mbwa akageuka kumtazama, akarudi ubavuni. Hapo akapewa kipande cha nyama kavu, wakaenda. Hatua mbili, akavuta tena. Mghoi akasimama tena.

Mwakio, ndugu wa marehemu mumewe, alipita asubuhi kwenda shambani. Jioni akamkuta karibu palepale.

"Shemeji, umeota mizizi?"

"Pita zako, Mwakio! Leo nimevuka shamba la mtama. Kesho nitavuka mihogo."

Siku ya tisa mtungi ukabaki tope. Midomo ya Wakesho ikapasuka kwa kiu.

"Dada, mbwa ameiva?" akauliza.

"Hajaiva, ila sisi tutakufa tukimngoja." Akachukua kibuyu, akaenda.

Kichakani mbwa akasita, manyoya ya shingo yamesimama. Nyati huyo, hatua ishirini, anacheua. Kiherehere akatetemeka mwili mzima, mlio umemkaba kooni. Mghoi hakuvuta kamba. Akarudi nyuma hatua moja; mbwa akarudi hatua moja. Wakakizunguka kichaka, bega la mbwa kwenye goti la Mghoi, mpaka chemchemi, na hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Wakesho akanywa, akalia. "Mpe na yeye," akasema.

Mghoi akammiminia mbwa. "Kunywa, msumbufu wewe. Siku tisa umenizeesha miaka kumi." Lakini mkono wake haukutoka kichwani kwa mbwa.

Basi, wanangu, ukimfundisha mnyama, au mdogo wako, kelele zitakuchosha wewe kwanza. Simama, mngoje aelewe, hata kama umeudhika mpaka machozi.

Kisa nimekitua chini. Mwenye nguvu akibebe, mwenye usingizi akalale.