Mama Singano na Kabichi za Mzee Kaoneka

"Sauti ya kuazima haiiti mbuzi." Mmeisikia leo pale harusini, watu walipomtupia mshereheshaji aliyekuwa akibana pua ili aonekane kakulia ng'ambo, mkaniuliza ni wahenga gani walioisema. Wajukuu zangu, wahenga hawahusiki. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kwembago, kwenye shamba la kabichi, saa sita mchana, nami nilikuwa nimesimama kando ya uzio, mikono kichwani.

Jirani yangu Mwantumu, ambaye sote tulimwita Mama Singano, alikuwa mwandishi. Hakuandika vitabu. Aliandika mtandaoni, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akiwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Aliandika mambo ya nyumbani kwake: jinsi mumewe alivyotia sukari kwenye maharage akidhani ni chumvi, akayala yote ili asionekane amekosea, jinsi kuku alivyotaga ndani ya mkoba wa shule. Zaidi ya yote aliandika habari za mbuzi wake mkubwa aliyeitwa Kesi. Aliitwa hivyo kwa sababu hapakupita mwezi bila mtu kumshitaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Siku moja Kesi alikula tangazo la mkutano lililobandikwa mlangoni pa ofisi, na mkutano haukufanyika.

Wasomaji wake walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Aliwajua wengi kwa majina.

Basi akatokea mtu mmoja wa mjini, akijiita Kocha Evarist, mwenye kundi la kuwafundisha watu kupata wafuasi. Akamwambia Mama Singano, "Dada, unaandika vizuri, lakini nani anataka mbuzi? Watu wanataka mafanikio. Simama kama malkia. Ukiwataja wasomaji, sema 'wapendwa'. Na usiandike ugali. Andika lishe."

Mama Singano akajiunga na kundi, akayashika maneno yake. Asubuhi iliyofuata nikasoma: "Wapendwa, mimi huamka saa kumi alfajiri, nikanywa maji ya ndimu, nikaliambia jua: leo ni letu." Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Saa kumi alfajiri, kiumbe pekee aliyekuwa macho katika nyumba ile ni panya.

Lakini watu walipenda. Wasomaji wakawa elfu moja, wakawa elfu nne. Alipofika elfu tisa aliandika kwamba siri ya ndoa yake ni maua, ambayo mumewe humletea kila Ijumaa. Wanaume wa kijiji wakamfuata Baba Singano pale tunapokusanyia maziwa.

"Umetuharibia, bwana," mmoja akamwambia. "Mke wangu kaniuliza kama kwetu Ijumaa haifiki."

"Ndugu zangu," Baba Singano akajibu kwa unyonge, "hata mimi habari hizo nazisikia kwenu."

Mwanzoni Mama Singano alifurahi. Baadaye nikaona anakaa kwenye kinu saa nzima, simu mkononi, bila kuandika hata neno. Zamani jambo likitokea aliikimbilia simu, huku akicheka peke yake. Sasa ilimbidi atafute jambo ambalo halikutokea.

Siku moja akaja jikoni kwangu, akanionyesha ujumbe. Ulitoka kwa mzee mmoja wa Songea, msomaji wake wa tangu mwanzo. Aliandika hivi: "Mwanangu, mke wangu ni mgonjwa, hainuki kitandani. Nilikuwa namsomea habari za mbuzi wako, akicheka. Siku hizi nikimsomea ananikatiza na kuuliza, yule mama wa mbuzi kaenda wapi? Nimjibu nini?"

"Utamjibu nini?" nikamuuliza.

"Shoga, sijui," akasema. "Na Jumamosi nina wageni."

Kumbe wafuasi wake kumi na mmoja, akina mama wa Tanga, Korogwe na Moshi, walikuwa wamekata shauri kuja kumwona malkia wa alfajiri nyumbani kwake. Nikamwazima kitambaa cha meza na bilauri sita. Ndimu zilitafutwa mpaka kijiji cha pili. Baba Singano akatumwa kuchuma maua kwenye ua wa zahanati, akafundishwa aseme kwamba ni ya jana, Ijumaa. Mbuzi wakapelekwa kufungwa mbali, nyuma ya kilima.

Jumamosi wageni wakafika, wakaketi uani. Mama Singano akatoka na gauni jeupe, anatembea kama amebeba yai kichwani. Akawaeleza habari za ndimu na za jua, kwa sauti laini ambayo sijui aliitoa wapi. Wageni wakawa wanarekodi kwa simu. Yote yalikwenda vizuri mpaka tuliposikia Mzee Kaoneka, jirani mwenye shamba, akipiga kelele ng'ambo ya uzio.

"Kabichi zangu! Mama Singano! Kabichi zangu, jamani!"

Kesi alikuwa ameitafuna kamba waliyofungiwa wote. Alisimama katikati ya shamba, na mbuzi wengine sita nyuma yake, kila mmoja na kabichi yake.

Tukakimbilia uzio, wageni nao na simu zao juu. Mama Singano akaziona zile simu. Akaunganisha viganja vyake kifuani, akaita kwa sauti ya malkia, "Kesi, mpendwa! Rudi nyumbani, tafadhali!"

Kesi akainua kichwa. Akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea mlango, kisha akarudi kwenye kabichi.

"Kesi, mpendwa wangu, hiyo si lishe yako!"

Mbuzi wala hakugeuka. Mzee Kaoneka, ambaye alikwisha kupoteza tuta la tatu, akatupa kofia yake chini. "Wewe mwanamke, unamwita nani? Hata mimi sikujui! Sauti ya kuazima haiiti mbuzi! Mwite kwa sauti yako, watanimalizia shamba!"

Nilimwona Mama Singano akizitazama simu, kisha akazitazama kabichi. Akakunja gauni jeupe mpaka magotini, akavuta pumzi, ikamtoka ile sauti yake ya shambani, ya kukwaruza:

"Wee Kesi! Mlaaniwa we! Haki ya nani Idi hii huioni! Toka humoooo!"

Kesi akaruka uzio huku jani likining'inia mdomoni, wenzake sita nyuma yake, wakaja mbio mpaka miguuni pake. Njiani waliangusha meza, bilauri, ndimu na maua ya zahanati.

Mama mmoja mnene wa Korogwe akashika mbavu. "Huyu ndiye Kesi? Huyu aliyekula tangazo? Dada, mimi nimekusoma tangu siku hiyo! Nimekuja safari yote hii nikitumaini kumwona huyu!" Akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Wengine hawakucheka. Watatu waliondoka bila kuaga.

Jioni ile Mama Singano aliandika yote. Aliandika kwamba saa kumi alfajiri huwa anakoroma. Aliandika kwamba mumewe hajapata kumletea ua hata moja, ila mwaka wa mafuriko alimbeba mgongoni kuvuka mto, akamwangusha katikati, akarudi kumchukua. Juu kabisa akaweka maneno ya Mzee Kaoneka kuwa kichwa cha habari, na ndivyo yalivyofika hadi kwa mshereheshaji wenu.

Kocha akamwondoa kwenye kundi. Katika wiki moja wasomaji elfu nne wakaondoka. Nisiwadanganye, ilimuuma, alilia jikoni kwangu. Kisha likaja jibu kutoka Songea: "Mke wangu amecheka mpaka nikamwekea mto mgongoni aketi. Anauliza, kule mtoni, Baba Singano naye hakuumia?"

Mama Singano akapangusa macho, akakaa kumjibu pale pale. Hakuinuka mpaka wali wangu ukaungua. Tangu siku hiyo wasomaji wake waliongezeka polepole, mmoja mmoja, lakini aliyeingia alikaa.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, msidhani methali hii inawakataza kujifunza kwa wengine. Jembe huazimwa. Sufuria huazimwa. Hata kanzu ya bwana harusi wa leo, mimi najua ni ya nani. Lakini siku unapotaka wanaokujua wakusikie, waje mbio, kumbuka shamba la Mzee Kaoneka: sauti ya kuazima haiiti mbuzi.