Uzi Mweusi Hadi Moyoni

Simba akinguruma, swala hutimua mbio. Anayenyata ndiye anayerudi na windo. Methali ya simba mwenda pole yatufunza kwamba afanyaye jambo lake taratibu, bila makeke, ndiye apataye anachokitaka. Jambo hili lilionekana katika karakana moja ya nyuzi, na aliyelionyesha hakuwa na makucha. Alikuwa dada mwembamba aliyeishia darasa la saba, ambaye wenzake walimpachika jina la Konokono.

Karakana hiyo ilitengeneza uzi unaopitisha umeme. Plastiki iliyoyeyushwa ilitiwa katika bomba la sindano, nguvu ya umeme ikaivuta itoke kama utando wa buibui, kwa nyuzinyuzi nyembamba kushinda unywele. Utando ulitua kwenye faneli iliyozunguka, ukasokoteka kuwa uzi mmoja mweupe. Kisha uzi ulilazwa ndani ya beseni la dawa, nao ukainywa mpaka ukawa mweusi tii. Dawa hiyo ndiyo iliyopitisha umeme.

Vibarua walikuwa wawili, nafasi ya kudumu moja, na mikataba yao iliisha Ijumaa. Fundi mkuu alisema kila mmoja atengeneze uzi wake. Uzi utakaomridhisha mama mshonaji, aliyeshona glavu za kupasha joto vidole vya wagonjwa, ndio utakaombakisha mwenyewe kazini. Konokono alijua kuwa akishindwa atarudi kwa kaka yake, kwa wifi aliyekuwa akimtazama kila kijiko kikienda kinywani.

Mpinzani wake aliitwa Radi kwa wepesi wake. Kijana huyo alikuwa mcheshi, mdomo wake haupoi. Jumanne jioni alikwisha kupanga mezani vidonge vitatu vya uzi, vyeusi, vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Akapita kwa Konokono kumuuliza kama uzi wake anaupika au anaulea. Karakana nzima ikaangua kicheko, na Konokono mwenyewe akacheka nao.

"Konokono huchelewa, kaka," alimjibu. "Lakini akifika, kafika na nyumba yake."

Hakuwa mvivu, macho yake yaliona jambo. Kila alipoutoa uzi kwenye beseni, aliukata ncha na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Nje ilikuwa nyeusi, katikati nyeupe, kama mkate ulioiva ganda na tumboni bado ni unga. Akaurudisha. Jumatano akakata tena, akaona weupe umebaki kama tundu la sindano. Akaurudisha tena, ingawa kila mara alitazama kalenda ukutani. Alhamisi alasiri ncha ilikuwa nyeusi hadi moyoni. Alikuwa na kidonge kimoja tu, kidogo kama limau, lakini alikibeba huku akiimba.

Ijumaa mama mshonaji alikuja. Uzi wa Radi ukaunganishwa na betri na kitaa kidogo, kitaa kikawaka. Wa Konokono nao ukakiwasha. Fundi mkuu akaanza kusema kwamba basi mwenye vidonge vitatu ndiye mshindi, lakini mama mshonaji alikuwa ameshatunga sindano.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Mimi sishonei askari wa gwaride," alisema. "Vidole hukunjwa."

Akatia kila uzi kwenye glavu yake, akaunganisha kila glavu na betri na kitaa chake, akaanza kukunja na kukunjua. Mara ya tano, kitaa cha Radi kilipepesa, kisha kikazima. Ganda jeusi lilikuwa limepasuka, na weupe wa ndani hauna habari na umeme. Glavu ya Konokono aliikunja, akaifua kwa sabuni, akaikamua na kuikausha, kisha akaiunganisha tena. Kitaa kikawaka tuli. Basi akaivaa mwenyewe, akafumba macho, na uso ukamchanua.

"Kama nimeshika kikombe cha chai," alisema.

Radi alichukua kioo cha kukuzia, akautazama uzi wake uliokatika. Kisha akatikisa kichwa na kucheka.

"Kumbe dada, mimi uzi nimeupaka wanja tu."

Mama mshonaji aliagiza glavu nyingi kiasi kwamba fundi mkuu alilazimika kumwongezea Radi mwezi mmoja, kwa sharti kwamba hatatoa uzi kwenye beseni kabla Konokono hajaitikia kwa kichwa. Konokono alitia sahihi mkataba wake taratibu, herufi baada ya herufi, wote wakimsubiri bila kumharakisha. Halafu akampigia wifi simu kumwambia asihangaike kumtandikia kitanda.

Mwenye mbio aliambulia kitaa kilichozima, mwenye subira akaondoka na kazi. Kweli, simba mwenda pole ndiye mla nyama.