Kwa Nini Waandishi wa Mtondoni Huonja Wino wa Jirani

Kila warsha inapoanza hapa Mtondoni, wanafunzi wapya hutuona tukichovya ncha ya kidole kwenye kidau cha wino cha mwenzetu na kuigusisha ulimini kabla ya kushika kalamu. Wengine hucheka, wengine huona kinyaa, na mimi, Somoe binti Athmani, kwa kuwa ndimi mkubwa wa wote chamani, ndimi ninayeachiwa kueleza. Basi wekeni visu vya kuchongea kalamu chini kwanza, msije mkajikata mkinisikiliza.

Hapo kale Chama cha Waandishi wa Khati kilikuwa katika nyumba hii hii, ila ukumbi huu haukuwapo. Palikuwa na vyumba, na kila mwandishi alikuwa na chake, chenye mlango na komeo. Mwandishi wa zamani alikuwa mtu wa siri. Wino alijikorogea mwenyewe. Mmoja alitumia masizi ya taa, mwingine mchele uliochomwa hadi ukawa mkaa, wote wakatia gundi ya mgunga, lakini kipimo hakuna aliyemwambia mwenzake. Hawakuona ubaya wowote. Siri ya wino ilikuwa heshima ya mtu, kama jina la baba yake.

Wakati huo msikiti wa Ijumaa ulijengwa upya, na watu wa mji wakaomba uandikiwe msahafu mpya, mkubwa, wa kusomwa humo Ramadhani. Mkuu wa chama alikuwa Fundi Shekuwe, mzee aliyeanza kupungukiwa na nuru ya macho. Aligawa juzuu kwa waandishi wanne. Nyingine alijiwekea mwenyewe, nyingine akampa Mwanahidi, binti wa marehemu ndugu yake, ambaye alikuwa amemlea na kumfundisha. Nyingine zilikwenda kwa Fundi Lali, mtu wa siku nyingi pale chamani. Zilizobaki alimpa Zubeiri.

Huyu Zubeiri hakuwa mwenyeji. Alitoka miji ya kusini, akaja na bahasha ya ngozi yenye kalamu zake na nguo mbili tatu. Fundi Shekuwe mwenyewe ndiye aliyemwita baada ya kuona mwandiko wake kwenye ubao wa mlango mmoja, akasimama mbele ya mlango ule mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini. Zubeiri alikuwa mkimya. Alikula peke yake kwa sababu tumbo lake halikupatana na pilipili, lakini hilo hakulisema, na watu wakajipatia sababu nyingine. Mlango wake aliufungua kwa Mwanahidi tu, binti huyo alipokwenda kumwomba amwonyeshe jinsi ya kuikata kalamu ili tumbo la herufi ya nuni litoke nene bila kutetemeka.

Ikaja kaskazi, upepo ukawa mkavu. Fundi Lali akaona wino wake unapungua. Akiacha kidau kimejaa jioni, asubuhi anakuta umeshuka. Hakuuliza. Alimwaga unga kwenye kizingiti cha chumba chake, na kulipokucha akakuta alama za makubadhi. Akavua ya kwake akapima, zikalingana sawasawa. Mtu mwingine angejicheka. Lali alimwendea Fundi Shekuwe akamwambia kwamba mwizi ni mjanja kupita kiasi, maana ameiba wino akiwa amevaa makubadhi ya mwenye wino.

Fundi Shekuwe alimwambia aende akalale. Lakini aliporudi chumbani alikitazama kidau chake mwenyewe, na kweli, alihisi kimepungua. Mwanahidi naye akakitazama chake. Hakuna aliyefikiri juu ya upepo ule uliokuwa ukikausha nguo kabla hazijamaliza kuanikwa. Kidau cha udongo hunyonya, na kaskazi hukausha. Ndiyo mwizi pekee aliyekuwapo, na hakuwa na makubadhi. Wao walifikiri juu ya mtu mmoja anayekula peke yake.

Tangu hapo nyumba ikabadilika. Mazungumzo yakakatika Zubeiri alipopita. Mtu akikohoa chumbani, wa chumba cha pili aliacha kuandika asikilize. Makomeo yalifungwa hata kwa mtu anayekwenda kutawadha tu na kurudi.

Lali ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua mrututu. Mnaujua mrututu, yale mawe ya buluu wanayouza kwenye maduka ya dawa za asili, ya kuchomea vidonda. Alisikia kwamba ukisagwa na kutiwa katika wino hung'ang'ania ngozi, na mwizi akimwagikiwa atabaki na ukijani vidoleni hata akijisugua kwa sabuni. Akausaga akautia, akanyamaza. Siku si nyingi Fundi Shekuwe, kwa akili yake mwenyewe na bila kumwambia mtu, alikwenda duka lile lile akanunua mrututu. Na Mwanahidi pia. Kila mmoja alijiona mwerevu peke yake.

Wakaanza kuchunguzana vidole. Asalaamu alaikumu za asubuhi zikawa ndefu. Mtu anashika mkono wa mwenzake, hauachii, anaugeuza taratibu kuelekea dirishani. Mikono ya Zubeiri ilikuwa misafi, na usafi wenyewe ukawa kosa. Lali alisema mtu anayefanya kazi ya wino hawi na vidole vya namna ile isipokuwa ana la kuficha. Mwanahidi, kwa bahati mbaya, siku moja alipokuwa akikoroga, kijiti kiliteleza na kidole chake cha shahada kikaingia katika kidau. Hakikutakata. Akapaka hina mikono yote miwili, na watu wakashangaa, kwa kuwa hapakuwa na harusi wala sikukuu. Hakwenda tena kwa Zubeiri kuuliza habari za kalamu. Alimwonea haya, na alipomwonea haya akazidi kumshuku, maana ni rahisi kumdhania mabaya mtu uliyemtegea.

Masika yalipoingia, hewa ikawa nzito ya unyevunyevu. Fundi Shekuwe akakusanya juzuu zote ili zianze kushonwa. Akawaita wenzake watatu kwenye sebule, akafunua ya kwanza, ya mkono wake mwenyewe. Herufi zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia, na pembeni mwake karatasi imeungua kama iliyopitiwa na kaa. Aliinua ukurasa juu, na pale palipokuwa na alifu palikuwa na tundu, mwanga wa dirisha ukipita ndani yake. Akafunua za Lali, zikawa vile vile. Za Mwanahidi, vile vile. Mwisho akafunua za Zubeiri. Zilikuwa nyeusi, zimenyooka, kana kwamba zimeandikwa siku hiyo.

Hapakuhitajika mtu wa kusema. Maneno matukufu yalikuwa yametobolewa, na mtu mmoja tu ndiye aliyesalimika.

Chama kilikuwa na adhabu yake tangu zamani. Mwandishi akipatikana na hiana, kalamu zake huvunjwa mbele ya watu kwenye baraza ya msikiti, na haandiki tena katika mji huo wala katika mji wowote wenye waandishi wanaofahamiana na hawa. Kwa mtu kama Zubeiri, ambaye hakuwa na shamba wala chombo wala ndugu wa karibu, hiyo ilikuwa sawa na kumkata mkono.

Wakampeleka barazani baada ya sala ya alasiri. Watu walijaa. Fundi Shekuwe alikaa na bahasha ya ngozi mapajani, na kalamu zote za Zubeiri zikiwa ndani. Lali akaeleza: wino umeibwa, kisha ukatiwa kitu cha kula karatasi, na aliyefanya hivyo alitaka msahafu utoke kwa mkono wake peke yake ili aje akalie kiti cha mkuu. Wazee walitikisa vichwa. Fundi Shekuwe akamtaka Zubeiri ale yamini kwamba hakugusa kidau cha mtu.

Zubeiri akasema kiapo atakula, lakini anajua hakitamsaidia, kwa sababu walikwisha kuamua kabla hajafika. Akaomba jambo moja.

"Vileteni vidau vyote vinne hapa," akasema. "Kombe tunaandika kwa wino sahanini, tunaosha, tunamnywesha mgonjwa. Wino msafi haujawahi kumdhuru mtu. Basi tuuonje. Ulimi utasema kilichomo."

Vidau vikaletwa. Zubeiri akachovya kidole katika chake mwenyewe akaonja, kisha akampa mzee mmoja aliyekaa karibu naye. Mzee akasema anasikia masizi, na gundi, na mchele ulioungua, basi. Zubeiri akavuta kidau cha Lali. Mara ulimi ulipogusa, uso ulimkunjamana, akatema mate, akafuta mdomo kwa kanzu. Alisema ni mkali, una ladha kama ya sarafu ya shaba iliyonyonywa.

Hapo ndipo Lali aliposimama. Aliwauliza watu kama wanataka ushahidi gani tena. Sumu imo kwenye wino wake yeye, haimo kwenye wino wa mgeni, na mgeni mwenyewe ameikiri kwa ulimi wake. Baraza nzima ikaguna. Mtu mmoja nyuma akasema kalamu zivunjwe, na mwingine akaitikia. Zubeiri alikiweka kidau kile chini. Jambo aliloliomba limsaidie lilikuwa limegeuka kumzika. Fundi Shekuwe akaingiza mkono ndani ya bahasha, akatoa kalamu ya kwanza.

Mwanahidi alikuwa amekaa upande wa wanawake, mikono ndani ya leso. Aliposikia neno la shaba, aliukumbuka mrututu wake. Alijua ladha hiyo imo pia katika kidau chake. Hakujua kwamba Lali na ami yake nao walijitilia wenyewe, hivyo aliona ni yeye peke yake mwenye dhambi, na kwamba akisema, jina lake litaharibika na la marehemu baba yake pia. Aliinama. Kisha akasikia ami yake anajisafisha koo kama afanyavyo mtu kabla ya jambo asilolipenda. Mwanahidi akainuka, akaja mbele, akachukua kidau chake mwenyewe akaonja mbele ya wote.

"Wangu una mrututu," akasema. "Niliutia mimi, kwa mkono wangu, nimnase mwizi, kumbe ndio uliokula karatasi. Zubeiri hakuingia chumbani mwangu hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikiingia kwake."

Akatoa mikono katika leso. Hina ilikuwa imeanza kufifia, na kwenye kidole cha shahada ukijani ulionekana chini yake.

Watu walingoja Fundi Shekuwe amkemee. Mzee alibaki ameishika kalamu ile muda mrefu, akiipapasa pale ilipochongwa, maana macho yake hayakuona vizuri lakini vidole vyake vilijua kazi nzuri. Akairudisha kalamu ndani ya bahasha, akaifunga bahasha, akainuka kwa shida akaiweka mbele ya Zubeiri.

"Na wangu pia," akasema. "Nisamehe, mwanangu, kama unaweza. Kama huwezi, sikulaumu."

Zubeiri aliichukua bahasha yake. Wanasema alilia, na wanasema hakulia, mimi sikuwapo.

Lali hakukubali. Alisema hajui mrututu umeingiaje kwenye kidau chake, na alisema hivyo hivyo mpaka alipokufa. Ingawa mwenye duka alikuwa amekaa pale pale barazani akimtazama, hakuna aliyemlazimisha.

Kurasa zilizotoboka zilizikwa mahali safi nyuma ya msikiti, na kazi ikaanza upya. Ramadhani ile msahafu haukuwahi. Ulisomwa mwaka uliofuata. Fundi Shekuwe aliandika juzuu moja tu, Mwanahidi akiwa ubavuni mwake akimtajia neno lililofuata, kisha akaiweka kalamu chini moja kwa moja.

Zubeiri walimwomba abaki, naye akabaki, lakini kwa sharti. Alisema hataki kuombwa radhi kila siku wala kupikiwa chakula maalumu. Alitaka milango ing'olewe, na kila asubuhi kila mwandishi aonje wino wa jirani yake, mbele ya wote, kabla ya mtu yeyote kuandika herufi. Walipopanga mahali pa kukaa, aliulizwa angependa kukaa karibu na nani. Akachagua ubavu wa Lali. Maisha yao yote yaliyobaki, kila kulipokucha, Zubeiri ndiye aliyeuonja wino wa Lali, akaumeza, akamwambia wino ni mzuri, fundi.

Na kuanzia asubuhi hiyo hadi hii tuliyo nayo, katika chama hiki hakuna kidau chenye kifuniko wala chumba chenye mlango, na hatuandiki kabla hatujaonja. Wageni hupenda kusema hiyo ni dalili ya jinsi tunavyoaminiana. Mimi sikuipokea hivyo kwa walionifundisha. Waliniambia tunaonja kwa sababu tunajua jinsi tulivyo wepesi wa kudhaniana, na ni afadhali dhana iishie ulimini asubuhi, ikiwa bado ndogo, watu wakaendelea na kazi.