Mwana wa Mfinyanzi

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Hawakuwa wakimsema Mwingereza, lakini methali haimuulizi mtu pasipoti.

Wilfred Shenton alizaliwa Burslem, mji wa matanuri na moshi, ambako baba yake, Mzee Enoch, alifinyanga sahani tangu ujana. Alipojiunga na chuo cha uigizaji London, mwalimu wa sauti, Bi Pargeter, alimkata maini siku ya kwanza.

"Kijana, kwa lafudhi hiyo utaigiza wapagazi mpaka uote mvi."

Wilfred akayashika maneno hayo kama dini. Aliisugua lafudhi ya kwao kama sufuria yenye masizi, akahitimu akizungumza kama mtoto wa lodi, mwinyi wa Kiingereza. Majukwaani akapewa makasisi, mawakili na mabwana wa majumba makubwa. Akala vinono.

Ghafla upepo ukageuka. Watazamaji waliwachoka mabwana, wakataka maisha ya watu wa viwandani. Kazi zikamkauka Wilfred, hata akakata tamaa. Ndipo aliposikia kwamba filamu itapigwa Burslem kwenyewe, na mhusika mkuu ni mfinyanzi. Hilo ndilo lililokuwa tumaini lake la mwisho.

Akapanda treni hadi kwa baba yake. Wakiwa mezani, kila neno alilotamka mzee, Wilfred alilirudia chinichini kwa lafudhi ileile.

Mzee Enoch akaweka kikombe chini. "Unanikejeli, Wilf?"

"Hapana, baba. Najifunza."

"Unajifunza nini wewe? Si kwa lafudhi hiihii mama yako alikubembeleza utotoni?" Mzee akainuka taratibu. "Mabosi walikuwa wakituigiza hivyohivyo, wakicheka. Sikudhani nitayasikia kwa mwanangu."

Akaenda kulala, na jua lingali juu.

Kwenye majaribio ya kuchagua waigizaji wa filamu ile, mwongozaji alimsikiliza kidogo akijikakamua kwa lafudhi ya baba yake, akamkatiza kwa upole. "Samahani, bwana. Unaigiza vizuri, ila tunamtaka mtu wa huku."

"Mimi ni wa huku. Nimezaliwa mtaa wa pili tu."

Wote wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha. Nafasi akapewa mpakiaji wa kiwandani ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa.

Wilfred alitoka nje. Kwa baba yake aliona haya kurudi, na London hakuwa na wa kumngoja. Akaegemea ukuta wa kiwanda akalia, na hata kilio kikamtoka kwa ile sauti aliyofundishwa na Bi Pargeter. Ama kweli, mwacha asili ni mtumwa.